Anzeni na Uso: Kununua Kronografu ya Zamani Bila Kubambikiwa

Ndugu zangu, ninalotaka kulisema leo nimekwisha kulisema sana, na nitaendelea kulisema mpaka watu waache kuniletea saa niikague baada ya kuilipia. Kronografu ya zamani, yaani saa ya mkononi yenye mshale wa kupimia muda unaoanzishwa na kusimamishwa kwa kitufe, hununuliwa kwa uso wake, ile sahani yenye namba chini ya kioo. Jina, sanduku, hata mashine, vyote vinafuata nyuma. Mashine ikichakaa, fundi mzuri ataitengeneza. Mashine ya Valjoux 72 kwa mfano ilitumiwa na kampuni nyingi, na vipuri vyake ukivitafuta kwa subira utavipata. Lakini uso uliofutwa na kuchapwa upya haurudi, na hakuna fundi wa kuurudisha.

Najua kuna anayesema moyoni: lakini uso mpya unapendeza! Ndiyo, unapendeza, na ndiyo sababu muuzaji kaupaka. Kama unataka saa ya kuvaa tu, ununue, uvae, ufurahi. Ila ulipe bei ya saa iliyopakwa. Kinachoniudhi ni mtu kulipa bei ya uso wa kiwandani akapewa kazi ya brashi.

Sasa, utaujuaje? Chukua kioo cha kukuzia, mara 10 inatosha. Usianze na jina la kampuni, maana hapo ndipo mpakaji alipotia bidii yake yote. Anza pale alipochoka. Kama mizani ya kupimia mwendo imechapwa usoni, isome. Ni hesabu tupu: 3600, yaani sekunde za saa nzima, gawanya kwa sekunde. Sekunde ya 15 lazima isome 240, ya 20 isome 180, ya 30 isome 120, ya 45 isome 80. Yaani 120 inakaa sawasawa penye saa 6 ya uso, si pembeni kidogo. Kiwanda kilichouza chombo cha kupimia hakikukosea hesabu hii. Mizani ya umbali, ile ya kupimia kwa mlio wa radi au mzinga, nayo ina hesabu yake: sauti hukata kilomita 1 kwa sekunde 3 hivi. Ukiona kilomita 1 imekaa kwenye sekunde ya 5, rudisha saa kwa mwenyewe na umshukuru kwa muda wake.

Ukimaliza hapo, nenda kwenye dawa ya kung'aa gizani. Hapa nitakaa, mnivumilie. Saa za zamani zilipakwa radiamu, madini yenye mionzi ya hatari, kisha katika miaka ya 1960 tritiamu, yenye mionzi hafifu zaidi, ikachukua nafasi yake, na ndipo herufi T zilipoanza kuonekana chini ya uso, kandokando ya neno SWISS. Kwa hiyo mtu akikuambia saa ni ya 1955 na chini pameandikwa T SWISS T, uso huo haukuzaliwa na saa hiyo. Tritiamu hupungua nusu kila baada ya miaka 12.3. Fanyeni hesabu: baada ya miaka 60 imebaki kama asilimia 3. Basi saa ya 1965 inayowaka gizani usiku kucha inawaka kwa dawa gani? Mulikeni kwa tochi ya kukagulia noti bandia, kisha zimeni. Tritiamu iliyozeeka huwaka kidogo na kuzimika upesi. Dawa ya kisasa hung'ang'ania. Na mishale izimike pamoja na uso. Kimoja kikibaki kinang'aa peke yake, kimebadilishwa au kimepakwa.

Radiamu nayo ina ushahidi wake. Mishale ikisimama mahali pamoja miaka mingi, huunguza uso na kuacha kivuli cha kahawia chini yake. Kivuli hicho hakighushiki kirahisi. Lakini nawasihi: radiamu haijafa hata kama haing'ai tena, kwani nusu yake huchukua miaka 1600 kuisha. Usifungue saa hiyo mezani kwako, usikwangue, usipulize vumbi lake.

Kuna watakaoniambia: mimi nina hati. Hati! Inakuambia mashine yenye namba hii ilitoka kiwandani tarehe fulani. Haikuambii uso ulioko juu yake leo umetoka wapi. Novemba 2021, mjini Geneva, Speedmaster, kronografu ya kampuni ya Omega, ya toleo la kwanza, 2915-1, uso wake mweusi umegeuka kahawia ile wanayoililia wakusanyaji, ilipigwa mnada kwa zaidi ya faranga milioni 3 za Uswisi. Mnunuzi alikuwa Omega yenyewe, kwa ajili ya makumbusho yake. Mwaka 2023 Omega hiyo hiyo ikatangaza kwamba saa ile iliungwa kwa vipande vya saa mbalimbali, na kwamba waliokuwa wafanyakazi wake walihusika. Kama aliyeiunda alinunua kiraka, wewe unaegemea karatasi kwa nini?

Naona saa inanikimbia. Kasha: tazama masikio yanayoshika mkanda. La kulia na la kushoto yalingane unene, kingo ziwe kali, na matundu ya pini yasiwe yamesogelea ukingo. Chuma kilichosuguliwa kimekwenda. Mikwaruzo mimi naipenda. Inaonyesha hakuna aliyelisugua kasha.

Mashine niliitengea nusu saa, sasa nina dakika mbili. Anzisha, simamisha, rudisha: mshale utue juu ya 12, si karibu na 12. Uache ukimbie dakika 30 uone kihesabu dakika kinasogea bila kukwama. Usibonyeze kitufe cha kurudisha wakati mshale unakimbia, ila kama unajua saa yako imeundwa kwa hilo. Na ulinganishe mashine na mwaka: Speedmaster zilitumia kaliba 321, yaani mashine ya aina hiyo, mpaka mwaka 1968 hivi, ndipo ikaja 861. Ukiambiwa ya 1965 na ndani mna 861, uliza.

Vitufe, mikanda na bei tutaviacha. Wenye saa mifukoni, zileteni huku dirishani, maana taa hizi za njano zinaficha rangi ya dawa.