Vitonge vya tende na pojo zilizochipua: vitafunio vya usiku kwa mama anayenyonyesha

Assalaam alaikum, na hamjambo nyote, mama wenzangu. Niko jikoni kwangu hapa Majengo, Mombasa, na saa ni tatu asubuhi. Huenda mtu akauliza kwa nini ninarekodi video ya vitafunio vya usiku wakati jua limeshapanda. Nimefanya hivyo kwa makusudi, kwa sababu mama anayenyonyesha hana nguvu ya kupika saa tatu za usiku, na chakula ambacho hakikuandaliwa asubuhi usiku hakiliwi.

Mtoto wangu ana miezi minne. Kila siku tangu magharibi hadi saa nne za usiku hataki kushuka kifuani: hunyonya, husinzia, huamka, hunyonya tena. Watoto wachanga wengi hufanya hivyo nyakati za jioni, na haimaanishi kwamba maziwa yamekwisha. Lakini mimi ndiye ninayekaa pale, mkono mmoja umefungwa, njaa inaniuma, na dirishani inaingia harufu ya viazi karai na mhogo wa kukaanga kutoka vibandani. Kwa wiki kadhaa chakula changu cha usiku kilikuwa viazi karai na soda. Nilishiba kwa muda mfupi, kisha saa nane za usiku nikaamka nina njaa kuliko ile niliyolala nayo.

Mama anayemnyonyesha mtoto maziwa yake pekee huhitaji takriban kalori 500 zaidi kwa siku, ingawa sehemu yake hutoka katika mafuta ambayo mwili uliyaweka akiba wakati wa mimba. Kwa hiyo njaa ile si uroho, na msikubali mtu awaambie hivyo. Jambo la kuangalia ni chakula gani kinaijibu. Wanga mweupe na sukari hupita haraka tumboni, lakini protini, nyuzinyuzi na mafuta ya mbegu hukaa, na leo nitawaonyesha vitafunio viwili vyenye sifa hizo ambavyo mimi mwenyewe hula kila usiku.

Tuanze na vitonge. Chukua nusu kilo ya tende laini, ufungue kila tende, utoe kokwa na utazame ndani kabla ya kuitia bakulini, kwa sababu wadudu hupenda kujificha humo. Tende zikiwa ngumu, zifunike kwa maji moto kwa dakika 10, kisha uzichuje barabara. Maji yakibaki, vitonge vitachacha mapema.

Karanga ni kikombe kimoja, nazo nawaomba msizipitie haraka. Zimwage kwenye sinia penye mwanga na uzitazame kabla hazijaona moto. Karanga iliyosinyaa, yenye doa la kijani au la kijivu, au inayonuka ukungu, itupe. Kuvu hilo hutoa sumu iitwayo aflatoksini, ambayo kukaanga kwa kawaida hakuiondoi yote, na sehemu yake hupita hadi katika maziwa ya mama. Hapa pwani joto na unyevu huviharibu vyakula vya gunia upesi, ndiyo sababu mimi hununua kidogo kidogo katika soko la Kongowea na kuomba nionje kwanza. Muuzaji anayekataa usionje, mwache na karanga zake. Mama ambaye mwili wake haupatani na karanga atumie korosho ikiwa hizo hazimdhuru, au aongeze simsim tu.

Zikaange kwa moto wa wastani hadi maganda yaanze kupasuka, ziache zipoe, zifikiche kwa viganja, kisha zipepete kwenye uteo. Kupepeta mnakujua.

Sasa sogeeni, kwa sababu tumefika kwenye simsim, na hapa ndipo kazi yote huharibika. Nimetumia kikombe kimoja cha simsim yenye ganda lake, ile ya rangi ya udongo, ambayo naipenda kuliko nyeupe kwa sababu harufu yake ni nzito zaidi. Jana niliiosha. Itie ndani ya bakuli la maji mengi, uikoroge kwa mkono, uache mchanga utulie chini, kisha uchote simsim ya juu kwa chujio. Rudia mpaka usisikie tena mchanga ukikwaruza bakuli. Baada ya hapo ianike juu ya kitambaa safi hadi ikauke kabisa.

Kikaango changu ni kizito, na moto ni mdogo. Rudini mtazame: mdogo, mwali wa buluu unaoonekana kwa shida. Hakuna mafuta. Mwiko hausimami. Ukiwa na mtoto mgongoni anayehangaika, usianze hatua hii, msubiri alale. Mara ya kwanza nilipojaribu, simsim ilipata rangi nzuri, nikazima jiko, nikaiacha kwenye kikaango na kwenda kumbadilisha mtoto nepi. Nilidhani nimeisalimisha kwa kuwa moto umezimwa. Chuma kile kilikuwa bado na joto, kikaendelea kuichoma taratibu bila moshi mwingi wa kunitahadharisha. Niliporudi, niliona imeiva zaidi kidogo tu, nikaichanganya na kilo nzima ya tende bila kuionja. Vitonge vyote vikawa vichungu, na ilikuwa siku ambayo sikuwa na pesa za kununua tende nyingine. Kwa hiyo nasema tena: kuzima jiko hakutoshi. Simsim lazima itoke kwenye kikaango.

Sinia baridi liwe tayari pembeni kabla hujaanza. Langu ni hili hapa. Sasa sikilizeni, maana dalili ya kwanza huja kwa sikio: tik, tik, punje moja moja zinaruka. Harufu nayo inabadilika kutoka ile ya nafaka mbichi kuwa harufu ya halua. Chukua punje chache, uziache zipoe kidogo, uziminye kati ya kidole gumba na cha shahada. Zikivunjika kirahisi na kuacha mafuta kwenye ngozi, zimeiva. Hizi bado zinateleza. Naendelea kukoroga na—

Zimeanza kuruka kwa pamoja. Naimwaga sasa hivi, samahanini kamera imetikisika, lakini sitaisubiri kamera. Haya. Imeshafika kwenye sinia, na naitandaza ili ipoe upesi. Mnasikia? Bado inalia hata ikiwa huku nje. Joto lililomo ndani ya punje hizo ndilo lingezichoma kama zingebaki kule.

Mtoto ameamka. Nakata hapa.

Nimerejea. Zimepita dakika 40, amenyonya, sasa amelala kwa nyanya yake. Nataka muitazame simsim hii kwa karibu: rangi yake ni ileile tuliyoiacha, ya dhahabu iliyofifia, na haijasogea hata kidogo. Ionje kabla ya kuichanganya na chochote. Punje chache ulimini, tafuna, subiri. Uchungu wa simsim iliyoungua hauji mara moja, huja nyuma ya koo baada ya kumeza. Hii ni tamu. Ingekuwa chungu, ningeitupa yote na kuanza upya, kwa kuwa kikombe kimoja cha simsim ni hasara ndogo kuliko nusu kilo ya tende.

Tunaingia kwenye kinu. Ponda karanga kwanza hadi zianze kutoa mafuta na kushikana, tia hiliki nne zilizomenywa na chumvi ya kuonja tu, kisha tia tende kidogo kidogo. Sukari haihitajiki kabisa. Ukitumia blenda, saga kwa vipindi vifupi, kwa sababu tende hung'ang'ania visu na mota hupata moto. Nusu ya simsim ichanganye humo ikiwa nzima, na nusu nyingine uiache kwenye sahani. Paka viganja mafuta kidogo, ufinyange vitonge vya ukubwa wa ndimu ndogo, uvigaragaze kwenye simsim ya sahani. Mimi hupata vitonge 30, na kila kimoja kina takriban kalori 100, kwa hiyo vitatu pamoja na bilauri ya maji ni kitafunio kamili. Mama mwenye kisukari azungumze kwanza na wahudumu wa kliniki yake kuhusu kiasi, kwa sababu tende ni tamu hata bila sukari ya dukani.

Kitafunio cha pili ni cha chumvi. Binafsi, baada ya wiki moja ya vitu vitamu, ulimi wangu hudai ndimu na pilipili, na hapo ndipo pojo, yaani choroko, zinaponiokoa nisifuate bhajia. Kikombe kimoja cha pojo kilichoteuliwa mawe hulowekwa usiku kucha, humwagwa maji asubuhi, hufungwa ndani ya kitambaa chenye unyevu na kuwekwa kivulini. Suuza asubuhi na jioni. Kwa joto letu la Mombasa, siku ya pili vimikia vyeupe vimeshatoka. Hivi nilivyonavyo vina urefu wa ukucha. Ukisikia harufu ya kuvunda au ukaona utelezi, usizisuuze ukidhani zitapona. Zitupe.

Zichemshe. Najua wako wanaokula mbegu zilizochipua zikiwa mbichi, lakini unyevu na joto vinavyoziotesha pojo huotesha pia bakteria, na mama mwenye mtoto mchanga hana nafasi ya kuumwa na tumbo. Dakika 10 za maji yanayotokota zinatosha ziwe laini na bado zishikilie umbo. Naona kioo cha kamera kimezibwa na mvuke, ngojeni nikifute. Sasa mnaona: pojo iliyoiva hivi hupasuka ukiibana kwa kidole lakini haiwi uji.

Zichuje, na zikiwa bado vuguvugu tia kitunguu maji kilichokatwa chembamba, nyanya, dania, pilipili mbuzi kwa kadiri unavyostahimili, chumvi, na ndimu nzima. Ndimu si ya ladha pekee. Madini ya chuma yaliyomo katika mbegu za jamii ya kunde huingia mwilini kwa shida, na vitamini C husaidia kuyaingiza, ilhali chai inayonywewa pamoja na chakula huyazuia. Mama aliyetoka kupoteza damu wakati wa kujifungua anayahitaji madini hayo, kwa hiyo nawasihi chai isubiri angalau saa moja baada ya kula pojo. Wakati mwingine mimi hukuna nazi kiganja kimoja na kuinyunyiza juu. Mume wangu hapendi hivyo, mimi napenda.

Kuhusu vinywaji nitasema kwa ufupi. Weka jagi la maji mahali unaponyonyeshea, kwa sababu kiu hukujia mara mtoto anapolishika titi, na wakati huo huwezi tena kusimama. Dafu nalipenda pia. Kahawa tungu, ambayo nimeizoea tangu usichana, sasa naimaliza kabla ya alasiri. Kafeini hupita katika maziwa, na mwili wa mtoto mchanga huiondoa polepole sana. Maelekezo mengi ya afya yanataka mama anayenyonyesha asizidishe miligramu 200 hadi 300 kwa siku, na kumbukeni kwamba chai ya rangi na soda nyeusi zinahesabiwa humo. Usiku mimi hunywa maji yaliyochemshwa na tangawizi.

Viazi karai sikuviacha, nami sikuombi uviache. Nimevipangia Ijumaa, na sasa navila kwa hamu badala ya kuvila kwa njaa.

Kabla sijazima kamera, turudi kwenye kuhifadhi, kwa sababu niliwahi kupoteza chakula kizuri hapa pia. Pojo zikae kwenye friji, ziliwe ndani ya siku mbili, na stima zikipotea kwa saa nyingi msizibahatishe. Vitonge hukaa wiki moja kwenye friji, lakini kila jioni natoa vitatu au vinne na kuviweka kwenye kopo dogo kando ya kitanda. Kopo hilo nalisimamisha juu ya kisahani chenye maji ili sisimizi wasilipande. Usiku wa kwanza walinitangulia. Mtoto anapokuwa kwenye titi la kushoto, mkono wangu wa kushoto ndio unaombeba na wa kulia unabaki huru, kwa hiyo hapo ndipo ninapokula, na kopo lazima liwe upande wa kulia, karibu na kiwiko. Kifuniko kiweke juu tu bila kukikaza, kwa maana nimeshakaa nusu saa nzima nikikitazama kopo ambalo mkono mmoja haukuweza kulifungua.