Madeira: Usiulize utamu, uliza uchachu

Mabibi na mabwana, kila chupa ya Madeira, mvinyo wa kisiwa cha Madeira cha Ureno unaoongezwa pombe kali, inapowekwa mezani, swali ni lile lile: "Huu ni mtamu?" Ni mtamu, ndiyo. Na juisi ya ukwaju iliyojaa sukari, je? Tamu pia, lakini hakuna anayeisifia ukwaju sukari yake. Ukiufahamu ukwaju, nusu ya mhadhara wangu umeshaimaliza.

Malmsey, aina tamu kuliko zote, huvuka gramu 96 za sukari kwa lita. Hicho karibu ndicho kiwango cha soda. Soda ikipoteza ubaridi kidogo tu inakinaisha. Malmsey haikinaishi, kwa sababu chini ya sukari umelala uchachu mkali. Uchachu huo unaanzia shambani: kisiwa ni cha volkano, udongo wake wa mawe ya basalti una tindikali, bahari ya Atlantiki inapoza hewa, na zabibu huvunwa zikiwa na sukari ya wastani tu. Mvinyo wake ukiwa mchanga na bila kuongezwa chochote, unaweza kukukunja uso.

Sasa shikeni hili, maana hapa ndipo watu wanapopotea. Mtindo unaamuliwa na saa ya kumwaga pombe kali ya zabibu, yenye asilimia 96, ndani ya pipa linalochachuka. Pombe hiyo huua hamira inayokula sukari na kuigeuza pombe, na sukari ambayo haijaliwa inabaki. Katika aina nne kuu, zinazoitwa kwa majina ya zabibu zake, uchachukaji wa Malmsey hukatwa mapema, wa Bual baadaye kidogo, wa Verdelho baadaye zaidi, na wa Sercial huachwa hadi sukari ikaribie kwisha. Pigeni hesabu. Mvinyo uliofika asilimia 10 unahitaji takriban lita 103 za pombe kali kwa kila lita 1,000 ili ufike 18. Uliokatwa kwenye asilimia 4 unahitaji lita 180 hivi. Kwa hiyo anayedhani mvinyo mtamu ndio wa bei rahisi kutengeneza, akamuulize anayelipia pombe hiyo. Na ukichelewa kumwaga, sukari imeliwa, hairudi.

Najua kuna anayenong'ona huko nyuma: "Lakini si wanaupika? Mvinyo uliopikwa si umeharibika?" Ndugu yangu, umeharibiwa kwa makusudi! Zamani mapipa yalipakiwa melini kuelekea India, yakavuka joto la tropiki, na yaliyorudi yakaonekana bora kuliko yalivyoondoka. Mvinyo huo uliitwa vinho da roda, yaani mvinyo wa kwenda na kurudi, na wafanyabiashara wakaanza kutafuta joto lile lile bila kulipa nauli. Leo kuna njia mbili. Estufa ni tangi lenye mabomba ya maji ya moto: nyuzi 45 hadi 50 za Selsiasi, kwa miezi isiyopungua mitatu. Joto likipandishwa kwa pupa, unapata ladha ya sukari iliyoungua na tunda lililochemka, na hakuna miaka ya pipani itakayoiondoa. Canteiro ni subira: mapipa yanawekwa darini, chini ya paa linalopata jua, na kiasi fulani kinapotea hewani kila mwaka. Maji na pombe vinapungua, uchachu na sukari vinajikusanya. Ndiyo maana mvinyo wa zamani sana una ncha kali namna ile.

Haya, muda unanikimbia. Tinta Negra, zabibu nyekundu inayotoa sehemu kubwa ya mvinyo wa kisiwa, ilidharauliwa miaka mingi, lakini hutengenezewa viwango vyote vinne vya utamu, kutoka mkavu hadi mtamu. Mvinyo ulioandikwa Colheita ni wa mwaka mmoja wa mavuno, pipani angalau miaka mitano. Ulioandikwa Frasqueira ni wa pipani angalau miaka 20, na wa aina moja ya zabibu bora. Terrantez, zabibu nyingine ya kisiwa, ni adimu. Mkiipata, msiulize bei mbele za watu.

Mezani: Sercial ipozwe vizuri, pamoja na lozi au zeituni, Malmsey isipozwe sana. Chupa isimamishwe wima, kwani pombe na uchachu hula kizibo. Ikifunguliwa haina haraka, inadumu miezi. Ila chupa iliyofungwa miongo mingi huwa na harufu nzito ya kufungiwa: imiminieni kwenye jagi siku kadhaa kabla ya wageni kufika. Nimesema siku, si saa.