Waliokuwa Wakichunga Mifugo Wakaitikisa Dunia: Hadithi ya Wamongolia Nikiwa Budapest

Habari zenu ndugu zangu. Shikamooni wakubwa, na vijana wenzangu mambo vipi. Leo nipo Budapest, kwenye kisiwa cha Margit, katikati ya mto Danube. Upepo ni mkali, mkisikia kelele kwenye maikrofoni mnivumilie. Haya magofu nyuma yangu yalikuwa nyumba ya watawa wa kike, nitayarudia baadaye. Kwanza kuna mdau ameniuliza: hao Wamongolia si walikuwa wachunga mifugo, waliwezaje kupiga falme kubwa namna ile?

Ndugu yangu, waliweza kwa sababu hiyohiyo ya kuchunga mifugo.

Mtoto wa kule nyikani hupanda farasi tangu mdogo, na upinde anaujua kwa kuwinda. Familia nzima inajua kung'oa hema, kufunga mizigo na kuhama na maelfu ya wanyama bila kupotezana. Sasa huyo ukimwita vitani, unamfundisha nini tena? Kila askari alikuwa na farasi kadhaa, mmoja akichoka anahamia mwingine. Njaa ikibana, anakunywa maziwa ya farasi jike. Alichofanya Genghis Khan, baada ya kutawazwa mwaka 1206, ni kuzivunja koo na kuwapanga watu kwa makumi, mamia, maelfu na makumi elfu, ili mtu amtii kamanda wake kabla ya mjomba wake. Halafu baridi, ambayo majeshi mengine yaliikimbia, wao waliipenda. Mito ikiganda inakuwa barabara.

Sasa tuje hapa Hungaria, maana hapa kuna kisa ambacho mimi kinaniuma kabisa.

Wahungaria wenyewe asili yao ni wafugaji wa farasi kutoka nyika za mashariki. Waliingia nchi hii mwishoni mwa karne ya 9, chini ya Árpád, na ukienda ule uwanja wao wa mashujaa hapa mjini utawakuta viongozi wao saba wa shaba, wote juu ya farasi. Lakini kufika karne ya 13 walikuwa na maaskofu, mashamba na vijiji. Walishasahau.

Mwaka 1237, mtawa mmoja aitwaye Julian alirudi kutoka safari ya mashariki na barua ya Wamongolia kwa mfalme wa Hungaria, Béla wa Nne. Barua inamwambia hivi, kwa maneno yangu: nimesikia unawahifadhi Wakumani, watumwa wangu. Waachie. Wao wana mahema, kukimbia kwao ni rahisi. Wewe unayekaa kwenye nyumba, mwenye ngome na miji, utaponea wapi? Hebu isikilizeni hiyo jamani. Sisi tumezoea kumwona asiye na nyumba ya kudumu ndiye mnyonge. Mwandishi wa barua anaona mnyonge ni mwenye nyumba.

Wakumani walikuwa wafugaji wa kuhamahama pia, wamefukuzwa na Wamongolia kutoka nyika za kaskazini mwa Bahari Nyeusi. Kiongozi wao, Köten, akaomba hifadhi, na mwaka 1239 Béla akawapokea, kwa sharti wabatizwe. Hesabu ya mfalme ilikuwa nzuri tu: anapata maelfu ya wapiga mishale wanaomjua adui kuliko mtu yeyote Ulaya.

Tatizo likaanzia mashambani. Mifugo ya Wakumani ikaingia kwenye ngano na mizabibu ya wanavijiji. Mnaonitazama kutoka Kilosa hamhitaji maelezo hapo. Mkulima analia shamba limeliwa, mfugaji anasema ng'ombe hasomi mpaka, mkubwa wa eneo anatafuta faida yake. Padri Rogerius, aliyeishi wakati ule na kuandika yaliyotokea, anasema mfalme alionekana kuwapendelea wageni, na chuki ikamgeukia yeye mwenyewe. Wakuu wa nchi nao wakawa na lao: waliogopa mfalme atawatumia Wakumani kuwabana wao.

Mwaka 1241 Wamongolia wakafika, wakiongozwa na Batu, mjukuu wa Genghis, na jenerali Subutai, ambaye kwa maoni yangu ndiye akili ya vita vyote vile. Kati ya maadui walioshikwa wakaonekana Wakumani waliolazimishwa kupigana upande wa pili. Basi ikawa sababu. Watu wa Pest, yaani huu mji ng'ambo hapo mnapoona majengo, wakapiga kelele kwamba Köten ni jasusi, wakamvamia wakamuua yeye na watu wake. Wakumani waliobaki wakakasirika, wakachoma vijiji njiani wakielekea kusini, wakaondoka nchini. Adui yuko mlangoni, na wewe umemuua mlinzi wako!

Tarehe 11 Aprili, mahali panapoitwa Mohi, kando ya mto Sajó, Wahungaria wakaweka kambi yao ndani ya duara la magari ya kukokotwa, mahema yamebanana. Wamongolia wakawafukuza walinzi wa daraja la mto huo kwa mitambo ya kurusha mawe, huku Subutai akivuka mto upande mwingine na kuwazunguka. Ndani ya kambi watu wakawa wanajikwaa kwenye kamba za mahema yao wenyewe. Halafu Wamongolia wakaacha upenyo. Askari wakautumia kukimbia, wakatawanyika, wakachinjwa njiani. Aliyezoea kuswaga wanyama anajua: kundi usilizibe kila upande, lipe njia unayoitaka wewe.

Mfalme akakimbilia Austria, mtawala wa huko akamkamua fedha na kumnyang'anya maeneo. Akaishia pwani ya Dalmatia.

Ilibaki Danube. Majira ya baridi mto ukaganda, lakini je, barafu ingebeba farasi? Rogerius anasema Wamongolia waliacha mifugo mingi ukingoni bila mlinzi kwa siku tatu, wakajificha. Wahungaria wa upande huu wakadhani jamaa wameondoka, wakavuka kwenda kuiswaga. Ilipopita salama, Wamongolia wakapata jibu lao. Wakavuka.

Kisha, mwaka 1242, wakaondoka ghafla. Wengi wanasema ni kwa sababu Khan Mkuu Ögedei, yaani mtawala wa Wamongolia wote, alifariki Desemba 1241. Mwaka 2016 watafiti waliosoma pete za miti, yaani ile miduara ya kila mwaka ndani ya shina, walisema nchi ilikuwa tepetepe na malisho yakawa haba. Mimi naona yote mawili yanakaa pamoja. Jeshi la farasi bila majani linaondoka hata kama hakuna msiba.

Nchi ilibaki imeharibika vibaya. Béla aliporudi alifanya mambo mawili. Alihimiza ngome za mawe, na kile kilima cha Buda mnachokiona kule kikapata mji wenye kuta. La pili ndilo linalonivutia: aliwaita Wakumani warudi, akawapa ardhi, na mwanawe István akamwoa binti wa chifu wa Kikumani. Mjukuu wake László akawa mfalme, anaitwa mpaka leo László Mkumani. Binti wa Béla, Margit, wazazi walimweka nadhiri kwa Mungu iwapo nchi itapona. Akaishi na kufa hapa kwenye magofu haya.

Sitaki mtu aniambie nawasifia wauaji. Baghdad waliiangamiza mwaka 1258, na huwezi kusimulia historia yao ukaliruka hilo. Lakini njia zilifunguka pia. Mwaka 1254 mtawa William wa Rubruck alikuta Karakorum, Mongolia, fundi wa Paris aliyetekwa katika ufalme huu wa Hungaria, amemtengenezea Khan Möngke mti wa fedha unaotoa aina nne za vinywaji. Na Ibn Battuta, yuleyule aliyefika Mombasa na Kilwa mwaka 1331, miaka michache baadaye alifika kambi ya Khan Özbeg, mtawala wa Wamongolia wa upande wa magharibi, na kuona mji mzima unatembea, na misikiti na masoko, moshi wa majiko ukipanda njiani. Mtu mmoja kaona Kilwa ya mawe na mji wa mahema, na yote kwake ni miji.

Wiki ijayo nakwenda Karcag, mji wa Wakumani. Lugha yao ilikufa karne ya 18, ila mchuzi wao wa kondoo bado unapikwa kwenye masufuria ya chuma juu ya kuni, na kichwa cha kondoo kinaingia humohumo. Mwenye swali la kuwauliza wazee wa kule aliandike hapo chini mapema, maana natoka Ijumaa na treni ya asubuhi.