Kisanduku Kimoja, Silabi Moja

Ahsanteni. Historia ya chemshabongo, huu mchezo wetu wa maneno ya mlalo na wima, mnaijua: ya kwanza aliitunga Arthur Wynne, gazeti la New York World, tarehe 21 Desemba 1913. Basi. Mimi nimekuja na lile lile ambalo kila kongamano naambiwa nimeshalisema. Nitalisema tena, maana kila nikifungua ukurasa wa chemshabongo ya Kiswahili kosa nalikuta pale pale: herufi moja kila kisanduku.

Tazameni ubaoni. Neno la mlalo, mstari wa chini kabisa, herufi sita. Ya wima tumeshayajaza matatu: rafiki, furaha, jukumu. Yanashukia kwenye nafasi ya pili, ya nne na ya sita. Tumepata i, a, u. Haya, jibu?

Kitabu, nasikia. Kule nyuma: kikapu. Mama huyu anasema kifaru. Na bwana shamba wetu: kitalu. Wote mmepatia! Sasa niambieni, yale maneno matatu tuliyoyatolea jasho yametusaidia nini? Kiswahili hupenda konsonanti ifuatwe na irabu, na karibu kila neno letu huishia kwa irabu. Ukipanga makutano kwa kuruka kisanduku kimoja kimoja, kama ilivyo kawaida, mara nyingi utaambulia irabu tupu, na irabu zenyewe ni tano tu. Raha yote ya mchezo huu ni neno moja kulifichua jingine. Hapa halijafichua kitu.

Futa. Weka silabi moja kila kisanduku, vitatu tu. Wima, rafiki anashuka na ki yake kwenye cha kwanza. Jawabu linashuka na bu yake kwenye cha tatu. Ki, nafasi, bu. Kifaru kashakimbia, kikapu na kitalu vimekwenda naye. Kimebaki kitabu, nawe umekipata kwa akili, hukubahatisha.

Mtasema mzee anazua mambo. Sizui. Wajapani hujaza mafumbo yao kwa kana, yaani alama zao za kuandikia sauti, na kana moja inakaribia sana silabi yetu. Na mtoto wa darasa la kwanza aliyeimba ba, be, bi, bo, bu ana kila anachohitaji. Mtoto? M, to, to: m inasimama peke yake, ina kisanduku chake. Nchi vilevile, n na chi. Najua kuna mtu anasubiri kunitega kwa “daktari”. Dak, ta, ri! Ukiona “dak” inakukera, mpe k kisanduku chake, maisha yaendelee.

Halafu vidokezo. “Mnyama wa porini.” Hicho ni kidokezo au fomu ya kujaza? Watu tuliokuzwa kwa “Kitendawili!” “Tega!” tunaandika mnyama wa porini! Andika: nyumba yangu haina mlango. Msomaji atacheka, atakuna kichwa, ataandika ya-i, na kesho atanunua gazeti.

Wanaosema ni kupoteza muda, wakasome habari za The New York Times. Mwaka 1924 gazeti hilo liliubeza mchezo huu kuwa ni upotevu wa muda. Mwaka 1942 likaanza kuchapisha wa kwake, na mpaka leo haliachi.

Mwenyekiti, nimekuona, namaliza. Afya: utafiti wa Marekani uliochapishwa 2022, watu 107 waliokuwa wameanza kusahausahau, wiki 78. Waliopewa mafumbo ya maneno walifanya vizuri kuliko waliopewa michezo ya kompyuta ya kunoa akili. Si tiba, msije mkaacha vidonge mkasema nimewatuma mimi. Wastaafu mmesikia, tuendelee.

Nilikuwa na la mashindano ya shule, naliacha. Maswali? Wewe mwenye daktari, naona hujaridhika. Simama.