Barafu, Vodka na Risasi: Michezo ya Urusi Baada ya Usovieti

Ndugu zangu, filamu yetu ya timu ya hoki ya barafu ya Moscow imekwisha na naona bado mnawacheka wale dubu wanaogawa bia uwanjani. Chekeni tu, ila tusiishie kwa dubu.

Mwaka 1993 wamiliki wa Pittsburgh Penguins, timu ya hoki ya Marekani, waliingia ubia na CSKA Moscow, timu ya hoki ya barafu ya Jeshi Jekundu, yaani jeshi la Usovieti. Hawa ndio waliotwaa ubingwa wa Usovieti mara 13 mfululizo, 1977 hadi 1989. Usovieti ulipovunjika, jeshi lilishindwa kuwalipa hata askari wake, seuze wacheza hoki. Wamarekani wakaleta matangazo na vituko, watu wakajaa tena viwanjani.

Mimi lakini nataka twende bandarini, kwenye forodha. Serikali ya Rais Boris Yeltsin wa Urusi haikuwa na fedha za kuipa michezo, ikaipa msamaha wa ushuru. Mfuko wa Taifa wa Michezo, ulioasisiwa na Shamil Tarpishchev, kocha wa tenisi wa rais mwenyewe, ukaruhusiwa kuingiza bidhaa bila ushuru. Bidhaa gani? Mipira? Viatu? Vileo na sigara! Mwenye kibali hicho anauza chini ya bei ya kila mfanyabiashara anayelipa ushuru, na bado faida yake ni nono. Kuanzia hapo, kiti cha uongozi wa michezo kikawa kitamu kuliko kombe lolote.

Sasa tazameni miaka. Aprili 1994, Otari Kvantrishvili, mwanamieleka wa zamani aliyejiita mlezi wa wanamichezo, alidunguliwa akitoka bafu la umma Moscow. 1996, Boris Fyodorov, aliyekuwa ameuongoza Mfuko ule, alipigwa risasi na kuchomwa kisu, akapona. Aprili 1997 aliuawa Valentin Sych, rais wa shirikisho la hoki, na Juni Larisa Nechaeva, mkurugenzi wa klabu ya soka ya Spartak Moscow. Sitawaambia mashambulizi haya yote yalitoka mkono mmoja. Wanaosema hivyo wanapenda hadithi kuliko ushahidi. Lakini hakuna anayemwinda kiongozi wa michezo kwa sababu ya mabao.

Na tusiwasingizie majambazi peke yao. Msamaha ule haukuibwa usiku. Ulitolewa kwa amri ya rais, kwa saini na muhuri. Jambazi alikuja baadaye, akakuta mlango uko wazi.

Karibuni kwa maswali.