Daftari la Duka na Mwenye Kulishika

Ndugu wafanyabiashara, mwenye duka akisema "najaribu kuandika mauzo," kauli hiyo haivuki usiku wa kwanza wa uchovu. Aseme: "Mimi ni mwenye duka ninayejua salio langu." Tofauti utaiona pale mtoto anapotumwa achukue kilo ya sukari ya nyumbani. Anayejaribu atasema ni sukari yangu mwenyewe, ya nini kuandika? Anayejua salio lake ataandika: nyumbani, sukari kilo 1, na bei yake. Jina umejipa, lakini mstari ule ndio ushahidi wake, na anayehitaji kushawishika kwanza ni wewe mwenyewe.

Sasa kazi yenyewe. Daftari likae juu ya droo ya pesa, kalamu ifungwe kwa uzi. Kalamu iliyoazimwa na mteja hairudi. Ukimaliza kuhesabu pesa, kabla hujafunga droo, andika mstari mmoja: tarehe, taslimu, zilizoingia kwa simu, zilizotoka. Dakika mbili zinatosha. Madeni ya wateja yana daftari lake. Faida utaipiga baadaye. Wengi huharibu hapa: siku ya kwanza mtu anachora safu nane kwa rula, ikifika Alhamisi ukurasa mweupe.

Mtaniuliza, mpaka lini? Zile siku 21 za kujenga mazoea mnazotajiwa kwenye semina msizitegemee. Utafiti wa Phillippa Lally na wenzake wa University College London, uliochapishwa 2010, uliwafuatilia watu 96 kwa wiki 12. Makadirio ya siku za kitendo kuzoeleka yalianzia 18 hadi 254, katikati ikiwa 66. Na kuruka siku moja hakukuharibu mazoea yaliyokuwa yakijengeka.

Hilo la kuruka ndilo linalowaangusha wenye jina kubwa mno. Ukijiita "mtu asiyeruka siku," homa moja tu inakuvua jina, na daftari unalisusa kwa aibu. Jiite anayerudi kwenye daftari. Umeruka jana? Usibuni tarakimu za jana ili ukurasa upendeze, maana hesabu za kubuni zitakudanganya wakati wa kuagiza mzigo. Andika tarehe ya jana, "sikuandika," piga mstari, hesabu pesa iliyomo kwenye droo asubuhi hii kabla hujamhudumia mteja wa kwanza, na uanzie hapo.