Tulisoma Wote, Mzee

ZUHURA: Imewaka?

DEO: Imewaka.

ZUHURA: Haya. Habari za wiki, wapendwa. Zuhura hapa, na Deo yupo, leo kawahi, andikeni mahali. Sauti yangu imekauka kidogo, mnisamehe. Alhamisi tulikuwa Mbagala, msibani. Tumempoteza mwenzetu tuliyesoma naye kidato cha kwanza mpaka cha nne.

DEO: 2003 mpaka 2006.

ZUHURA: Jina lake la kuzaliwa hatulitaji, mama yake hatujamwomba ruhusa. Tutamwita tulivyomwita siku zote. Kandambili.

DEO: Na leo nimejipanga. Nina karatasi. Mambo matatu ya kujifunza kutokana na msiba huu. La kwanza...

ZUHURA: Subiri na karatasi yako. Waambie kwanza Alhamisi saa saba mchana ulikuwa wapi.

DEO: Hilo tulikubaliana haliingii.

ZUHURA: Ulikubaliana na nani?

DEO: (anaguna) Haya. Asubuhi tangazo likaingia kwenye grupu la shule. Majina matatu, la kwake, la baba, la babu. Watu wakaanza kuandika poleni sana, tumepokea kwa majonzi. Na mimi nikaandika. Sikujua ni nani.

ZUHURA: Hakuna aliyejua! Nimeandika innalillahi nikaendelea kuosha vyombo. Mpaka mmoja akaandika, "Jamani, ni Kandambili." Hapo ndipo simu zikaanza kulia.

DEO: Nikatoka Kimara mbio. Barabara ya Kilwa mnaijua wenyewe. Nikashuka Rangi Tatu, nikamwambia kijana wa bodaboda nipeleke msibani. Akauliza, msiba upi? Nikasema huu wa leo.

ZUHURA: Mbagala nzima ile. "Huu wa leo."

DEO: Sasa ningesema wa nani? Yale majina matatu yalishanitoka, na simu imezima. Kijana kanifikisha. Turubai lipo, viti vya plastiki vipo, wazee na kanzu zao. Nikaambiwa wameshazika tangu saa nne. Nikajilaumu, nimechelewa tena. Nikaenda kwenye meza, nikatoa rambirambi...

ZUHURA: Ubani, Deo. Umeishi Dar miaka yote hii.

DEO: Ubani. 20,000. Nikaandikwa kwenye daftari, jina na namba ya simu. Nikakaa. Pilau ikaja.

ZUHURA: (anacheka) Ikaja.

DEO: Mzee wa pembeni yangu akaniuliza, kijana, marehemu mlifahamianaje? Nikamwambia, tulisoma wote, mzee.

ZUHURA: Msikilizeni huyu.

DEO: Akanitazama. "Mlisoma wote?" Nikasema ndiyo mzee, darasa moja, dawati moja. Akamgeukia mwenzake akamwambia, huyu kijana anasema kasoma na bibi. Yule mwingine akatafuna kwanza, akameza, akasema, "Labda ngumbaru."

ZUHURA: (kicheko kirefu) Ngumbaru! Wadogo zetu mnaotusikiliza, mwaka 1970 Mwalimu Nyerere aliutangaza kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Bibi zetu na babu zetu walikuwa wanatoka shamba jioni wanaingia darasani kujifunza kusoma na kuandika. Ndiyo ngumbaru hiyo. Deo kazaliwa 1989.

DEO: Nilidhani bibi ni jina la utani la mtu mwingine.

ZUHURA: Na hukuinuka?

DEO: Niinuke na sahani mkononi? Halafu mzee alikuwa na hamu. Akaniuliza, enhe, darasani alikuwaje?

ZUHURA: Ukasemaje?

DEO: Nikasema masomo wastani, lakini golini alikuwa hapitishi kitu.

ZUHURA: Mungu wangu. Bibi wa watu!

DEO: Mpaka akasimama mtu kushukuru kwa niaba ya familia. "Bibi yetu ametuachia watoto saba na wajukuu..." Kijiko kikaniponyoka.

ZUHURA: Na ule ubani?

DEO: Unamrudia vipi mfiwa umwambie nirudishie 20,000, nimekosea maiti?

ZUHURA: Hapana, hapo umefanya vizuri. Bibi naye alistahili mwanafunzi mwenzake.

DEO: Mzee akanisindikiza mpaka barabarani. Akaniambia kijana, usione haya, hata kuzika watu usiowajua ni thawabu. Nilipofika kwa Kandambili, nakutana na wanaume wanarudi kutoka makaburini. Udongo bado uko kwenye viatu.

(kimya)

ZUHURA: Mimi hapo nilikuwa ndani. Sisi wanawake hatuendi kuzika, kwa hiyo nilikaa kwenye mkeka na mama yake tangu asubuhi. Na huko ndiko tulikokorofishana mimi na Deo, mpaka leo kwenye gari hatukusemezana.

DEO: Tulisemezana. Uliniambia nifunge kioo.

ZUHURA: Kila aliyeingia kutoka shule yetu alikuwa anasema Kandambili hivi, Kandambili vile. Na bajaji yake imeegeshwa pale uani, nyuma imeandikwa kwa rangi nyekundu, KANDAMBILI. Mama akanishika mkono, akaniuliza taratibu, "Mwanangu, hivi hili jina lilitoka wapi? Nilimuuliza mwenyewe, akawa anacheka tu."

DEO: Waambie ulijibu nini.

ZUHURA: Nikamwambia, mama, mwanao alikuwa kipa. Glavu hakuna, akivaa kandambili mikononi, anapangua mashuti, anajiita Kaseja. Na ni kweli! Mwaka ule ule wa 2003 Simba ilimtoa Zamalek kwa penalti kulekule Cairo, Juma Kaseja golini. Kila mtoto wa Dar alitaka kuwa kipa.

DEO: Hata sisi Yanga usiku ule tulishangilia, hilo sikatai. Lakini jina halikutoka mikononi, Zuhura. Lilitoka miguuni.

ZUHURA: Najua.

DEO: Basi wasikilizaji nao wajue. Wiki ya kwanza kidato cha kwanza, mstarini. Viatu vyeusi ni lazima. Yeye kaja na shati limenyooshwa, kola imesimama, chini kandambili za bluu. Mwalimu wa zamu akamtoa mbele ya shule nzima. Na mimi nikiwa mstari wa nyuma nikapaza sauti kama kiranja wa gwaride, "Kandambiliii, nyuma geuka!" Shule nzima ikacheka. Akageuka, masikini. Alidhani ni amri.

ZUHURA: Na mimi nilicheka.

DEO: Wewe ulicheka, mimi ndiye niliyesema. Mama wa watu alikuwa anauza vitumbua. Ada ya kutwa ilikuwa haijafutwa bado wakati ule, ilikuja kufutwa 2016. Akalipa ada, ya viatu ikakosekana. Halafu miaka yote hii mtoto wake anaitwa kwa kile alichoshindwa kumnunulia, na wewe unamwambia ni mambo ya Kaseja.

ZUHURA: Ulitaka nimwambie hivyo? Mwanawe ana saa moja kaburini?

DEO: Siyo siku ile. Lakini nitakwenda. Nitakaa naye nimwambie, mama, ni mimi, nisamehe.

ZUHURA: Ili iweje?

DEO: Ili ajue.

ZUHURA: Akishajua? Wewe utarudi Kimara umelala usingizi. Yeye atabaki na zile kandambili za bluu. Kila akikumbuka asubuhi ile alivyonyoosha lile shati, ataona na shule nzima inavyocheka. Huo mzigo ni wako, Deo. Unataka kumtwisha mama mzee kisha uuite toba.

DEO: Kwa hiyo nikae kimya kwa sababu kimya kinanifaa?

ZUHURA: Kimya hakikufai, ndiyo maana unataka kukitua. Na kingine: yule kijana mwenyewe ndiye aliyezitoa miguuni akazivaa mikononi. Muhula wa pili ule ule. Kalichukua jina lako baya, kalifanyia kazi, kalipaka rangi kwenye bajaji. Mama yake alipouliza akacheka. Alikuwa na nafasi ya kumwambia, hakumwambia. Mimi ni nani nimrudishe mstarini?

DEO: Wewe unaona kalipenda. Mimi naona jina lilimshinda kulitoa. Mtu likimganda hivyo, analiandika kwa herufi kubwa ili asionekane linamuuma.

ZUHURA: Hujui hilo.

DEO: Na wewe hujui.

ZUHURA: Mimi nilipanda bajaji yake. Mwaka juzi, kutoka Temeke Hospitali. Nilimwita kwa hilo jina, akakataa nauli.

DEO: Ulimwita jina lake lingine akalikataa?

ZUHURA: ...Sikulijua.

DEO: Basi.

ZUHURA: Basi nini? Usiniambie basi kama umeshinda. Hujashinda.

DEO: Sijasema nimeshinda. Nasema nitakwenda.

ZUHURA: Ukienda mimi sipo. Na akiniuliza mbona nilimwambia vingine, nitasimamia pale pale, kipa. Kwa sababu ni kweli, alikuwa kipa.

DEO: Alikuwa kipa, ndiyo.

ZUHURA: Ile mechi na kidato cha tatu.

DEO: Penalti tatu. Moja kaipangua, kandambili ikakatika ugwe, ikaruka mpaka kwa mwamuzi.

ZUHURA: (anacheka) Akasimamisha mechi aichomeke upya!

DEO: Na msumari. Sijui alikuwa na msumari mfukoni wa nini.

ZUHURA: Kijana wa studio anatuonyesha vidole viwili. Dakika mbili. Karatasi yako je?

DEO: La kwanza ilikuwa tuwe tunahifadhi namba za... aah, iacheni. Tutaisoma siku nyingine.

ZUHURA: Hutaisoma.

DEO: Sitaisoma. Lakini sikia, leo asubuhi nimepigiwa simu, namba ngeni. Napokea, mzee anasema, "Mwanafunzi mwenzake bibi?"

ZUHURA: Hapana!

DEO: Namba waliitoa kwenye daftari. Wananialika arobaini. Wajukuu wanataka kumwona yule aliyesoma na bibi yao.

ZUHURA: Si itaangukia siku moja na ya kwetu? Wamezikwa siku moja.

DEO: Siku moja, Mbagala ile ile.

ZUHURA: Sasa utaanza wapi?

DEO: Kwa bibi. Kule wananipokea.

ZUHURA: Na kwa mama?

DEO: Kwa mama nitafika jioni.

ZUHURA: Chaji simu.